Mahali pa Kusimamisha Hema

Nelima alikuwa amechoka na vumbi la Kitengela, akiota usiku mmoja tu wa hema kando ya maji yenye samaki. Yeye ni mtoto wa mto Nzoia. Alishika ndoano kabla ya kalamu.

Sasa wamefika karibu na Rombo. Msitu huu hapa, kivuli tele, na mtoni kambale wanapinduka hadi maji yanachafuka. Na mumewe Saruni? Alipita pale kama haoni, akapanda hadi uwanda wa juu, mbali na mto, akabwaga hema juani.

"Hapa ndipo pazuri," akasema.

"Pazuri kwa nani? Nitavua samaki kwa darubini?"

"Nyasi ni nzuri. Na simba akija, unamwona kabla hajafika kwa ng'ombe."

Nelima akalipuka. Miaka yote hii anaishi na mtu asiyeonja hata mchuzi wa samaki, na kila anapokanyaga lazima kwanza apime malisho!

"Ng'ombe gani, Saruni?" akafoka. "Hebu nionyeshe! Tumekuja na ng'ombe gani?"

Ukame ulikuwa umemaliza zizi lote la baba yake Saruni, na ng'ombe wa mwisho alianguka Saruni akimshikilia pembe ili asimame. Akazitazama zile nyasi, nzuri, zisizo na wa kuzila.

Nelima alibaki na hasira yake, asijue tena ampige nani nayo. Akaokota jiwe, akaanza kugongelea kigingi pale pale juani, kwa nguvu, mpaka kikapinda.