Nusu Saa Yangu ya Kulala Mchana

Yule bibi aliyetoka Nairobi kuja kutufundisha kupumzika alichoka kabla yetu. Aliingia Garsen na viatu vya kisigino, joto likampokea mlangoni, na kufikia saa nne asubuhi alikuwa anajipepea kwa karatasi zake za semina. Semina ilikuwa ya akina mama wanaofanya kazi: walimu, makarani, na sisi wauguzi. Tulikuja kujifunza namna ya kuiacha kazi kazini mtu akirudi nyumbani. Mimi nilikaa mbele kabisa. Watu walidhani nina kiu ya elimu, kumbe feni ilikuwa mbele.

Alitwambia kwamba tukifika nyumbani tujaze maji ya uvuguvugu kwenye bafu la kujilaza, tutie mafuta ya kunukia, halafu tujitumbukize humo na kufumba macho. Tulitazamana. Maji yangu huletwa na punda, kwenye mitungi, na punda mwenyewe ana siku zake za kugoma. Uvuguvugu tunao, hilo sikatai. Garsen hata maji ya kunywa ni ya uvuguvugu. Kisha akasema tuzime simu, tufunge mlango, na kila mmoja ajitengee nusu saa iliyo yake peke yake, ambayo hataulizwa kitu na mtu yeyote. Hapo niliacha kucheka, maana nusu saa hiyo nilikuwa naihitaji kweli.

Wiki iliyotangulia, daktari wa zahanati yetu alinifunga ule mpira mkononi akanipima presha. Akafungua, akafunga tena, akapima mara ya pili, uso ameukaza. Sura ile naijua vizuri, ndiyo ninayowawekea wagonjwa wangu kila siku. Akaniambia nipumzike, na kwamba atanipima tena mwisho wa mwezi. Hakuwa na haja ya kunitisha. Mama yangu mzazi alianguka jikoni akiwa na umri huu wangu, mwiko mkononi, na upande wake wa kulia haukurudi tena mpaka alipokufa. Mimi nina watoto watatu, na niliogopa, niliogopa sana, kwamba siku moja watanilisha uji kwa kijiko.

Basi tukapewa vyeti, tukapiga picha, bibi akarudi Nairobi kupumzika. Mimi nikarudi nyumbani nikiwa nimefuzu.

Jioni zangu ni hivi. Natoka zahanati saa kumi, nafika nyumbani, na mlangoni kuna mtu. Muuguzi kwetu huitwa sista, na sista hana saa za kufunga. Kuna mzee mwenye vidonge anayetaka kujua ameze kabla ya kula au baada ya kula, na nilimweleza asubuhi, na jana pia nilimweleza. Kuna mama mwenye mtoto wa upele ambaye ati alikuwa anapita tu. Hakuna mtu anayepita tu kwangu. Nyumba yangu ndiyo ya mwisho, nyuma yake ni vichaka vya mathenge na fisi. Nikimaliza zahanati ya mlangoni naingia ndani, huko nako kuna jiko, kuna sare za shule, kuna mtoto aliyepoteza kiatu kimoja. Mume wangu anafanya kazi Hola. Hurudi mwisho wa wiki akaniuliza mbona nimenuna. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Jumatatu nikaanza. Watoto niliwapeleka kwa jirani. Nikafunga mlango, nikazima simu, nikajilaza chali na kanga yangu kifuani, nikatazama mabati.

Sasa kuna jambo ambalo yule bibi hakuambiwa. Kwetu mwanamke halali mchana. Mwanamume hulala, tena barazani, tena akikoroma, na watu wakampita kwa adabu. Mwanamke akijinyoosha kabla jua halijatua, anaumwa, hana sababu nyingine. Na mgonjwa haachwi peke yake. Kumwacha ni aibu ya mtaa mzima. Wapokomo, Waorma, Wasomali, tunaweza kugombana kwa mashamba na malisho mpaka tukachoka, lakini hapo tunaelewana.

Muuza maziwa wangu, mama wa Kiorma, akaja kama kawaida yake. Akabisha, hakujibiwa. Akachungulia dirishani, akaniona nimelala chali na macho nimefumba. Sijui alikimbia vipi na maziwa yote yale, lakini nilikuwa hata sijapata usingizi mlango ukasukumwa, nyumba ikajaa. Wanawake wa kanisani walikaa kitandani miguuni pangu. Mama wa duka la kona, Msomali mmoja mpole sana, alileta maziwa ya ngamia. Waliokosa nafasi walitandika mkeka.

“Pole, sista. Imekuanza lini?”

“Siumwi, dada zangu. Napumzika tu.”

Wakatazamana kwa huruma. Nilimsikia mmoja akimnong’oneza mwenzake kwamba wakizidiwa ndivyo wanavyosema. Wakanishika paji la uso wakakubaliana lina moto, kana kwamba mwezi ule Garsen kulikuwa na paji lolote lililopoa. Wakaomba, na maombi yenyewe hayakuwa mafupi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na mwenyeji akainuka kitandani, akawasha makaa, akapika chai ya watu waliokuja kumwona kwa sababu amelala. Huko mkekani tayari kulikuwa na pande mbili: wanaosema nina mimba, na wanaosema mume wangu ameoa Hola. Naye mume wangu alikuwa akipiga simu iliyozimwa, maana ameshaambiwa mke wake ameanguka.

Asubuhi yake bodaboda ikasimama nje, akashuka mavyaa, mama wa mume wangu, kutoka Idsowe. Alikuwa na kuku hai, chupa ya soda iliyojaa mwarobaini, na mkoba wa nguo. Nilimwangalia kuku, nikamwangalia mavyaa, nikauangalia ule mkoba. Ulikuwa mkubwa.

“Nimekuja kukuuguza, mwanangu,” akasema.

“Mama, siumwi. Nilikuwa napumzika.”

“Unapumzika kutokana na nini?”

“Kazi.”

“Kwani huko kazini si unakaa kwenye kiti?”

Nikanywa mwarobaini. Kuna mambo hayabishaniwi na mavyaa.

Jioni nikajaribu tena nusu saa yangu. Mavyaa alikaa kitandani akanikanda kwa mafuta ya nyonyo, na huku akinikanda akinihesabia wanawake wote wa ukoo waliokufa wakianza hivihivi, kwa kulala mchana. Alianza na shangazi zake. Mgeni wa kwanza alipobisha alimkaribisha mwenyewe, na wa pili, na yule mzee wa vidonge akaingia mpaka chumbani akaniuliza akiwa amesimama juu ya kichwa changu. Siku tatu nilipumzishwa namna hiyo. Siku ya nne nilijipima mwenyewe zahanati, mlango nimefunga. Presha ilikuwa imepanda kuliko mwanzo.

Sikumwambia mtu. Nilirudi nyumbani nikakuta kambare ndani ya karai wananisubiri, nikachukua kisu. Kambare ana utelezi wake, ukimshika anakuponyoka, na huyo mmoja aliponiponyoka mara tatu nikakaa chini sakafuni nikalia. Nililia kwa sauti, mtu mzima. Mavyaa alikuja akasimama mlangoni.

“Mama,” nikamwambia, “sina malaria, sina mimba, sijaachwa. Nimechoka. Naogopa nitaanguka kama mama yangu. Nataka nusu saa tu ambayo hakuna mtu ananiita.”

Nikajua sasa nitapewa hotuba ya wanawake wa zamani waliolima mpunga na mtoto mgongoni na hawakujua presha ni nini. Badala yake alichukua kisu mkononi mwangu akamalizia kambare.

Kesho yake saa kumi na moja alitoa kigoda, akakiweka nje mbele ya mlango, akakaa. Mimi ndani nilikuwa nasikia kila kitu. Muuza maziwa alikuja, akaambiwa aache maziwa hapo. Wanawake wa kanisani wakaja na Biblia.

“Hataki kuonwa,” mavyaa akasema. “Ni ugonjwa wa wanawake.”

Maneno hayo kwetu yanafunga mlango kuliko kufuli. Hakuna anayeuliza zaidi, na mwanaume hata hasogei. Yule mzee wa vidonge nilimsikia akigeuza fimbo yake. Na huyo mavyaa aliyekuwa akidanganya pale kigodani, kwa sauti ya upole, ni mzee wa kanisa aliyewahi kuwatoa watu ibadani kwa uongo mdogo kuliko huo. Nililala. Nilipoamka watoto walikuwa wameoga, na kile kiatu kimoja kimepatikana.

Ikawa hivyo kila siku. Mwisho wa mwezi daktari alinifunga mpira, akapima mara moja tu, akaniambia imeshuka, si sana, lakini niendelee. Nilirudi nyumbani nikamkuta mavyaa keshatoa kigoda chake. Nikamwambia matokeo, akashukuru Mungu. Nikamuuliza kilichomgeuza, maana siku ya kwanza aliniona mvivu, nilijua.

“Sikukuona mvivu. Nilikuonea wivu,” akasema.

Nilidhani ananitania. Alikuwa anaangalia barabara.

“Unajua kwa nini nilizaa watoto wengi vile?”

Nikasema ni mapenzi ya Mungu, jibu la zahanati, la kumpa mama ambaye hutaki kumuudhi.

“Mwanamke akijifungua analazwa ndani,” akasema. “Anapikiwa uji. Maji anachotewa. Hakuna anayemwita. Watu walikuwa wakisema, huyu anapenda watoto. Mimi nilikuwa nataka zile siku. Zikikaribia kwisha nilikuwa nalia, nao wakidhani ni kidonda cha uzazi.”

Mimi nimezalisha wanawake nisiokumbuka idadi yao, na sikuwahi kumuuliza hata mmoja kama amekuja kulala. Nilikaa kizingitini karibu na miguu yake. Mume wangu ni wa saba kwake. Nikamuuliza kama siku alizolazwa baada ya kumzaa huyo zilikuwa nzuri, maana nilitaka angalau hizo ziwe zimekuwa nzuri.

“Hata sikuzimaliza,” akasema. “Mto ulifurika, wakaja kuniamsha tukaokoe mpunga.” Akavuta kanga yake begani. “Ndipo nikazaa wa nane.”