Mkono Ukutani

Mama Sindano, kama wagonjwa wake wanavyomwita, hataki uende kwake kichwa kikiwa kinapasuka. "Njoo ukiwa mzima, mwanangu," humwambia fundi cherehani kila Jumanne. "Kipandauso tukizibie njia kabla hakijafunga safari." Basi fundi hulala chali, na vidole vikavu vyenye joto la kikombe cha chai humtembea kwenye paji la uso kama vinatafuta kitu kilichosahaulika, kisha sindano za tiba ya Kichina, nyembamba kama unywele, huingia kimya kimya. Pazia hupumua. Dari, ambayo siku mbaya huzunguka kama pangaboi, hutulia kama maji mtungini. Mama hupita huku na huku akiimba puani, ncha za vidole zikiambaa ukutani, na fundi siku zote alidhani ni madaha tu.

Leo sindano moja ilimponyoka Mama. Hakuinama. Alishuka wima, shingo imenyooka, macho yameganda kwenye kitasa cha mlango, mkono ukipapasa sakafuni. Fundi akashtuka, maana hivyo ndivyo yeye mwenyewe anavyookota vifungo, akiogopa dunia isije ikapinduka.

"Mama, kumbe na wewe?"

"Tangu usichana. Najichoma mwenyewe kila wiki, na kizunguzungu kimepungua. Ila hapa kisogoni mkono haufiki vizuri."

Sindano zilipotolewa, fundi hakutafuta viatu. Alimkalisha mama kitandani, pale pale penye joto lake, mkono wa mama bado umeshika ukuta, akamwekea kidole gumba kisogoni, akabonyeza.

"Hapa?"

"Chini kidogo. Hapo," akasema mama, na mkono wake ukaachia ukuta.