Kumleta Owiti kutoka Aluru

Nilitoka Kisumu siku ya Jumanne kwa sababu ndugu yangu mdogo alikuwa amekufa katika kisiwa cha Aluru, na askari wa nchi jirani wanaokikalia kisiwa hicho walikuwa bado hawajaamua kama ataruhusiwa kutoka. Sentensi hiyo nimeiandika mara tatu nikitafuta namna ya kuilainisha. Nimeshindwa, basi ibaki ilivyo.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Kaloleni. Owiti alikuwa mvuvi. Habari ya kifo chake niliipata kwa simu ya Mama Akinyi, mjane mwenye hoteli ndogo kule kisiwani, ambaye Owiti alikuwa amepanga chumba kwake. Alisema maneno machache tu. "Ouma, Owiti amekufa jana. Kuja umchukue. Na usiniulize kwa simu."

Jumatatu yote niliimalizia katika ofisi moja ya serikali hapa mjini. Afisa aliyenipokea alinionyesha ramani ukutani na kuniambia kwamba Aluru ni yetu, mstari wa mpaka unapita mbali kabisa, hakuna ubishi. Nikamwomba basi anipe barua ya kwenda kumchukua ndugu yangu katika kisiwa chetu. Akakohoa. Akasema kwa sasa wale wengine wako pale, na kuna mazungumzo. Nilipomuuliza mazungumzo yalianza lini, aliniuliza kama nimebeba kitambulisho. Nilitoka bila barua, ila ramani nilikuwa nimeiona vizuri.

Jumanne alfajiri jirani yangu alinipakia kwenye pikapu yake, ile anayoletea mboga kutoka Awasi. Nyuma tulikuwa tumeweka jeneza tupu. Kitambaa cha ndani nilikishona mwenyewe usiku wa kuamkia siku hiyo, na sikuona haya kukishona vizuri. Tulipita Ahero, tukakata kuelekea Katito.

Saa mbili asubuhi tulisimama Pap Onditi, nyumbani kwetu. Mama alikuwa ameketi nje ya nyumba yake, amenyooka, mikono magotini. Hakulia. Alinipa shati jeupe la Owiti, lile nililomshonea mwaka uliopita na ambalo alikuwa amelitunza kwa ajili ya Krismasi. Nikamwambia abaki nalo, tutamvalisha tukirudi. Baba mdogo, Mzee Odera, ambaye ndiye mkubwa wa boma tangu baba afariki, alinisindikiza hadi garini.

"Lete mtoto nyumbani," akaniambia. "Hata kama wanasema nini, wewe lete yeye nyumbani. Mtu hawezi lala kwa kisiwa ya watu."

Nikamwahidi, na ahadi hiyo ndiyo iliyonifunga mikono baadaye.

Kutoka Kendu Bay hadi Homa Bay sikumbuki nilichokiona. Saa saba tulikuwa katika bichi ndogo mbele ya Sindo, ambako mashua za Aluru huondokea. Wavuvi waliliona jeneza wakaanza kukumbuka kazi zao mahali pengine. Siwalaumu, kwa sababu kupakia jeneza tupu majini ni kama kuliambia ziwa lichague. Tulilala pale. Jumatano asubuhi mvuvi mmoja aliyewahi kuvua na Owiti alikubali kunivusha, kwa sharti kwamba jeneza lifunikwe turubai na mimi nikae mbele nisigeuke kulitazama. Pikapu ikabaki ikinisubiri.

Saa nne tuliiona Aluru. Ni jabali tu, mabati juu yake, na bendera isiyo yetu. Upande wa mashariki kuna gati jipya la saruji, na juu ya gati kuna jengo refu jeupe lenye nembo ya kampuni ya samaki. Kambi ya askari imepakana nalo ukuta kwa ukuta, jenereta ni moja, na mapipa ya mafuta ya boti ya doria yana nembo ileile ya jengo. Nimeshona nguo miaka ishirini na minane. Nikiona mshono najua kama vipande viwili vimekatwa kutoka kitambaa kimoja.

Askari wawili walitupokea gatini. Waliamuru jeneza lifunguliwe. Mmoja aliingiza mkono hadi begani, akapapasa kitambaa changu chote, pembe kwa pembe, akitafuta nyavu au samaki. "Ni tupu," akamwambia mwenzake, kama mtu aliyenyimwa kitu. Wakaniruhusu niende hotelini nikasubiri kapteni.

Mama Akinyi aliniwekea chai na kufunga mlango wa nyuma. Ni mama mnene, mwepesi wa mikono, na aliongea huku akimenya viazi ili anayepita asidhani tuna maneno.

"Hapa samaki yote lazima ipite kwa mizani ya kampuni," akasema. "Bei wanasema wao. Ukipeleka kuuza bichi ya kwetu, wewe mwizi, na askari iko pale kwa sababu ya huyo mwizi. Sasa Jumapili asubuhi Owiti alitoka na samaki yake. Alikuwa amechoka na hiyo mizani, aliniambia. Mimi nilikuwa kwa maji naosha sufuria. Boti ya doria ikatoka. Hawakumuita, hawakufanya nini. Risasi mbili."

"Uliona?"

"Niliona na hii macho yangu, baba. Mtu mwingine hakuwa."

Nikamuuliza Owiti yuko wapi. Akaacha kumenya.

"Kwa barafu," akasema. "Kwa kampuni. Wameweka yeye na samaki."

Saa sita kapteni aliniita. Nilitarajia mtu mkali, na ningependa awe mkali, maana kumchukia kungekuwa rahisi. Alikuwa mpole, sare imepigwa pasi, akanipa pole na kiti. Akasema wao wako pale kwa ajili ya usalama. Nikamuuliza usalama wa nani. Akafikiri kidogo, akasema wa ziwa. Kisha akasema mambo ya marehemu yanashughulikiwa na meneja wa kampuni, na yeye meneja akisema sawa, basi kwake pia ni sawa. Nikamshukuru. Hadi leo nikikumbuka kwamba nilimshukuru natamani kujipiga kofi.

Meneja alikuwa mtu wa Kisumu. Naliandika hili kwa wale wa nyumbani wanaodhani mateso ya Aluru yanaletwa yote na wageni. Alinisalimu kwa Dholuo, akaniita omera, ndugu, akanikumbusha kwamba nilimshonea suti ya harusi. Kweli, hata vipimo vyake nilivikumbuka. Akanipeleka mwenyewe kwenye chumba cha barafu.

Kulikuwa na kreti za samaki aina ya mbuta kutoka sakafuni hadi kichwani. Kila kreti ilikuwa imebandikwa karatasi: siku ya kuvuliwa, mahali, uzito, sahihi ya mkaguzi wa afya, na nchi inakokwenda. Mwishoni, juu ya karatasi ya plastiki, alilala Owiti. Hakuwa na karatasi yoyote. Walikuwa wamemvalisha fulana ya bluu ya kampuni, mpya, mikunjo yake ya kiwandani ikiwa bado haijatoka. Nikaipandisha fulana. Najua tofauti ya kitu kilichochanika na kitu kilichotobolewa. Palikuwa na matundu mawili, moja chini ya bega na jingine ubavuni. Nikaishusha, nikaikunjua vizuri, sijui kwa nini.

Meneja alisubiri hadi nikamaliza. Alisema kwa sauti ya chini kwamba wiki inayofuata wanakuja wakaguzi wa wanunuzi kutoka ng'ambo, watu wanaotaka kuhakikishiwa kwamba samaki wao hawana damu ya mtu. Hakutaka kaburi kisiwani. Alikuwa tayari kunipa boti ya kampuni siku hiyohiyo, bila kukaguliwa. Kilichobaki ni karatasi moja, kwamba Owiti alizama kwa bahati mbaya, itiwe sahihi na mtu wa familia.

"Hakuzama," nikasema.

"Omera, mimi najua," akasema. "Lakini fikiria. Ukiandika alizama, hakuna mtu aliona kitu. Ukiandika ile ingine, kapteni atauliza nani aliona. Na sisi wote tunajua nani huosha sufuria pale chini asubuhi."

Alisema hivyo bila hasira, akinitazama kwa huruma kabisa. Nadhani alikuwa ananihurumia kweli, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Nilitia sahihi. Nilimtaka ndugu yangu, na nilimtaka Mama Akinyi abaki hai, na mezani kulikuwa na kalamu moja tu. Mama Akinyi alipotusindikiza hadi gatini sikumwambia nilichofanya. Alimfunika Owiti kwa leso yake, akaniambia nimsalimie mama.

Saa tisa alasiri tuliondoka, jeneza katikati ya kreti. Hakuna aliyelifungua. Boti ya doria ilitupita karibu na askari wakampungia mkono nahodha wetu. Tulipofika bara, kwenye bichi ileile, lori lenye jokofu lilikuwa linasubiri, na vijana wa kampuni walipakua samaki kwanza, kreti zote, kwa haraka na uangalifu, kisha lori likashika njia ya uwanja wa ndege. Mimi na jirani yangu na mvuvi yule, aliyetufuata kwa mashua yake, tulilibeba jeneza wenyewe hadi kwenye pikapu.

Alhamisi saa tano asubuhi tulifika Pap Onditi. Watu walikuwa wamejaa barabarani. Tulipokaribia lango la boma, Mzee Odera aliinua mkono, gari likasimama. Katika ukoo wetu wazee bado wanashikilia kwamba mtu aliyekufa maji hapitishwi langoni. Hukatwa pengo kwenye ua, upande wa nyuma, akapitishwa hapo, ili kilichomchukua kisijue njia ya kuingilia. Owiti alikuwa kijana wa boma hilo, alistahili lango. Habari zilikuwa zimeshatangulia kwamba karatasi inasema alizama, lakini baba mdogo hakutaka karatasi.

"Ouma," akaniita mbele ya watu wote. "Nini iliua mtoto?"

Nilimfikiria Mama Akinyi na viazi vyake. Bichi zote zina masikio, na maneno ya Pap Onditi hufika Sindo kabla ya jua kutua.

"Ni maji," nikasema.

Wakazunguka nyuma na panga. Ua wetu ni mzito, ulichukua muda. Tulimwinamisha kidogo ili apite, na tawi moja likakwaruza jeneza. Mama na shangazi walifunga mlango wamvalishe shati lake jeupe. Alipotoka ndani Mama aliketi mahali pake palepale, akanitazama kwa muda mrefu, na hakuniuliza chochote. Tulimzika Ijumaa. Mimi nikarudi Kaloleni kushona sare za shule.

Miezi saba baadaye Mama Akinyi alinipigia simu. Ameihama Aluru. Hoteli yake imefanywa kantini ya kampuni, na yeye sasa anauza chakula huku bara, kwa binti yake, mahali ambapo sitapataja. Alipomaliza kunieleza nilifunga duka mchana huohuo nikaenda Pap Onditi. Nilimkuta Mama anapembua mtama. Nikamwambia yote, risasi, karatasi, sahihi yangu, na kwa nini.

Aliendelea kupembua.

"Nilijua," akasema. "Ni mimi nilitoa ile nguo ya bluu."

Nikamuuliza mbona alinyamaza.

"Niliona mtoto yangu amesimama kwa lango anadanganya wazee, na wewe hujawahi. Nikajua kuna mtu amekushika. Nikasema nikiongea, huyo mtu atakushika zaidi."

Kwa hiyo hili ndilo nililojifunza katika safari yangu, na linanichoma kuliandika. Nilidhani nimekwenda katika kisiwa kinachokaliwa na nimerudi nyumbani. Kumbe kwa miezi saba askari wale walikuwa wameketi hapa Pap Onditi, katikati ya mama yangu na mimi, kila mmoja wetu akifunga mdomo kumlinda mwenzake, na kampuni haikuwa imetumia hata tone la mafuta kuwafikisha.

Mama aliweka ungo chini. Alisema jioni tungekwenda wote kwa Mzee Odera, nikaseme mbele yake nilichomwambia yeye. Lakini kuna kitu kimoja hakukijua, na alikuwa amekaa nacho muda wote huo.

"Samaki zake," akasema. "Zile alikuwa anapeleka kuuza. Zilienda wapi?"

Mama Akinyi alikuwa ameniambia. Ningeweza kusema sijui, lakini uongo wangu niliuona ulipotufikisha. Nikamwambia kwamba samaki waliopolewa kutoka mashua yake Jumapili ileile, wakapimwa kwa mizani, wakabandikwa karatasi. Walitoka Aluru naye kwenye boti moja, nikamwambia, wakafika walikokwenda kabla yeye hajafika kwetu.