Kitambaa Juu ya Ruta

"Siwezi kumpa mjukuu wangu kijana ninayemwona vipande vipande," alisema mama mkwe wangu kutoka Tanga, na kabla hatujamjibu uso wake ukaganda kwenye skrini, mdomo wazi, kisha ukatoweka. Ilikuwa mara ya tatu asubuhi hiyo. Katika ukoo wao, barua ya posa haijibiwi bila neno la bibi. Tulipompata kwa simu ya kawaida alikuwa amekwisha kata shauri: Jumapili ijayo amhoji mchumba bila kukatizwa, la sivyo barua ingoje mpaka apate viza aje mwenyewe huku kwetu Burnsville, Marekani. Binti yetu aliingia chumbani akafunga mlango.

Nimetumia umri wangu kulinganisha nakala za miswada ya kale, nami sijui njia nyingine ya kutafuta jambo ila kuandika kila ninachokiona. Nikafungua daftari: saa mtandao ulipokatika, nani alikuwa akiutumia, baridi ya nje, kilichowaka jikoni. Kampuni ya intaneti ikapima laini yetu ikasema ni nzima. Nikanunua waya mpya. Mtandao uliendelea kukatika na kurudi wenyewe.

"Baba, zima uwashe tu," binti alisema nyuma ya mlango.

"Nikizima nikawasha, nitakuwa nimejua nini?"

"Kwamba imewaka!"

Jumamosi mtandao haukukatika, na ukurasa wangu ulibaki mtupu hadi adhuhuri. Pengo katika mswada nalo lina sababu yake, nikainuka kuitafuta. Mgongoni mwa kiti, karibu na hita, kilikuwa kikikauka kitambaa cheupe cha kufuma. Jumamosi mke wangu hufua vitambaa vyote vya sebuleni: vya makochi, cha televisheni, na hicho cha kufunika ruta ya intaneti, kwa kuwa haoni vema taa zake zimulike wageni. Nikaigusa ruta. Ilikuwa baridi.

Nikaifunika tena kwa kitambaa kile, nikaketi na saa mkononi. Dakika ya thelathini ilikuwa na joto la pasi. Dakika ya arobaini ikajizima.

"Imekata! Imekata!" nilipiga kelele hata mke wangu akaja mbio na mwiko.

"Mwaka mzima unalalamika inakata. Leo imekata, unacheza?"

Nilimshika mkono nikamgusisha. Akaondoa kitambaa, akavitazama vitundu vya kupitishia hewa ambavyo ufumaji ule mzito ulikuwa umeviziba, akaketi taratibu.

"Hiki kafuma mama."

"Najua."

"Usimwambie."

Jumapili bibi alimhoji kijana kwa saa nzima na ushei: anaswali wapi, anajua kupika nini, kwa nini hanenepi. Skrini haikutikisika hata mara moja. Mimi ndiye niliyekuwa nikitetemeka, kwa furaha. Kisha akauliza, "Na kile kitambaa changu, mmekiweka wapi?"

Mke wangu akanikazia macho. Nilikwisha fungua kinywa, maana sijui kusema uongo, lakini binti alinitangulia. Akakitwaa kitini, akajitanda kichwani, akaisogelea kamera.

"Kimenikaa, Bibi?"

Bibi naye akaisogelea kamera. "Waambieni wakwe waje," akasema, kisha akapiga kigelegele kirefu sana, nasi tukakisikia chote, mwanzo hadi mwisho.