Kidole Gumba cha Omagor

Malaba walimjua Omagor kwa mambo mawili. Mchana alikuwa fundi wa baiskeli za boda boda. Jioni, akishanawa grisi, alipiga akogo, kile kinanda kidogo cha Wateso kinachochezwa kwa vidole gumba viwili. Alikiunda mwenyewe: kila ulimi wa chuma ulikuwa spoki kuukuu, aliyoigonga kwa nyundo mpaka ikalala bapa na kuanza kulia. Yeye akipiga, mkewe Apolot aliimba. Hivyo ndivyo walivyopendana, na hivyo ndivyo walivyopatana kila walipogombana, maana ukiimba na mtu huwezi kumnunia vizuri.

Basi mwaka wa tisini na sita kiharusi kikampiga akiwa ameinamia gurudumu. Mguu ulirudi. Mdomo ulirudi, tena na maneno ya ziada, alivyosema Apolot. Mkono wa kulia ukarudi nusu, lakini kidole gumba chake kikakataa katakata. Omagor akaitia akogo ndani ya gunia, gunia akalisukuma chini ya kitanda. Nyumba ikanyamaza. Apolot akipepeta wimbi alianza kuimba, anafika katikati, anaacha.

Ndipo wakasikia kwamba katika hospitali ya Kocholia amefika daktari kutoka Nairobi, mama mmoja aitwaye Amondi, na mashine ya kuamsha ubongo bila kisu wala sindano. Asubuhi ya safari Apolot akalivuta lile gunia.

"Hiyo ya nini?" akauliza Omagor.

"Daktari atajuaje kidole kinatakiwa kufanya nini, asipoiona kazi yake?"

Huko hospitalini Daktari Amondi alishika kitu cha duara chenye mpini, kama kikaango. "Hii ni sumaku, mzee. Nguvu yake inapita kwenye fuvu na kuugusa ubongo. Lakini nisikudanganye, si dawa. Nauliza tu kama njia ya kutoka kichwani hadi kidoleni bado ipo." Kisha akaliona gunia. "Chuma chochote kitoke nje."

Apolot akatoka na akogo yake, akaenda kusimama dirishani.

Tak! ikalia mashine. Kidole kimya. Tak! Kimya. Omagor akatazama dirishani. Apolot akajifanya anatazama kuku.

Daktari akaisogeza sumaku kidogo. "Sasa mzee, usikae kama abiria. Nikipiga, na wewe kiite. Jaribu kukikunja."

Tak! Kidole kikaruka.

"Kimeruka kama panzi!" Apolot akapiga kelele. "Daktari, mpige tena! Mpige mpaka amalize wimbo!"

"Mzee wako si ngoma, mama," akasema daktari, akicheka.

Omagor yeye hakucheka. "Daktari, nani alikikunja? Wewe au mimi?"

"Sisi wawili. Nilipopiga peke yangu, hakikusikia. Ulipokiita na wewe, kikaitika. Njia ipo, mzee, ila ni nyembamba. Ipite kila siku. Kwamba itapanuka kama zamani, hilo siwezi kukuahidi."

Mashine ikabaki Kocholia. Lakini kila jioni Apolot aliketi karibu na mumewe, akagonga ulimi kuiga mashine: "Tak!" Na Omagor akakiita kidole. Vijana wa boda boda waliokuja kuziba pancha wakapata la kusema.

"Mama, siku hizi unamswaga mzee kama ng'ombe?"

"Ng'ombe anaelewa haraka. Huyu ni Omagor. Tak!"

Wimbi likavunwa, likakaushwa, na kidole bado. Halafu jioni moja kikagusa ulimi wa akogo, ukalia mara moja, kwa sauti ya kukwaruza. Apolot akasahau tak yake, akamshika mumewe shavu.

Kesho yake Omagor akachukua nyundo, akazipanga upya zile ndimi. Kidole cha kulia akakiachia ulimi mmoja tu, mpana. Zilizobaki akazihamishia kushoto. Wimbo uliokuwa ukikimbia kama baiskeli mteremkoni sasa ukawa unatembea. Ikifika zamu ya kidole cha kulia, Apolot alilivuta neno, akalivuta, akingoja. Mara nyingine sauti ilichelewa sana. Yeye hakutangulia.

"Wimbo umepata pancha!" kijana mmoja akaita kutoka barabarani.

"Na fundi yuko hapa," akajibu Apolot, akarudi kwenye neno lake, akalivuta mpaka kidole kikafika.