Jeneza la Mama Lilinitoka Mkononi, Nikanyamaza

Nilikosa, na sitafuti wa kunitetea. Mdogo wangu alifukuzwa kwenye kaburi la mama yetu kwa kosa langu, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale.

Mimi ni fundi wa plasta hapa Shirere. Miaka mingi nimepiga dari za watu huku shingo imelala nyuma. Maumivu yalianzia shingoni, yakashuka begani, yakafika vidoleni yakiwasha kama pilipili. Daktari alinionyesha picha. Diski za shingo zimevimba, akasema, zinabana mishipa ya fahamu inayokwenda mkono wa kulia. Nifanye mazoezi kila siku, na nisibebe kitu kizito hata kidogo.

Picha niliificha juu ya kabati. Fundi akijulikana mkono ni mgonjwa, nani atampa nyumba apige plasta? Nilimwambia mtu mmoja tu, huyo mdogo wangu, kitinda mimba wetu, aliyekuwa bawabu Nakuru.

Asubuhi ya mazishi, nyumbani kwetu Navakholo, alinivuta kando.

"Kaka, wewe usibebe. Hiyo mkono yako inakufanga ganzi. Waachie vijana."

"Mimi ndiye kifungua mimba," nikamwambia. "Mama abebwe na majirani, mimi nikiangalia? Shika upande wako."

Kiburi tu. Hakuna jina lingine.

Tulibeba upande mmoja, yeye mbele, mimi nyuma yake. Karibu na kaburi mkono ukafa. Sikuusikia tena mshikio, nikaachia. Uzito wote ukamwendea yeye, akaanguka magoti, na jeneza la mama likagonga chini kwa kona. Akina mama walipiga mayowe ambayo nayasikia hadi leo.

Baba mkubwa hakungoja.

"Mama amemkataa huyu. Mama alipokuwa anaugua mlimwonanga hapa? Atoke."

Kweli hakuja mama akiugua, lakini alikuwa amenyimwa ruhusa kazini. Walimkataza hata kutupa udongo kaburini. Aliniangalia usoni, kisha akauangalia mkono wangu. Angesema neno moja tu, ningeaibika mimi. Hakusema. Alichukua begi lake akaenda barabarani kutafuta boda.

Siku ya kunyolewa nywele kumaliza matanga, baba mkubwa aliuliza kama kuna mwenye neno kabla ukoo haujatawanyika. Nikatazama chini. Eti nitasema kesho. Kesho gani, jamani?

Huu ni mwaka wa tatu. Simu zangu hapokei. Nilikwenda Nakuru, wakaniambia alihama, hawajui wapi. Baba mkubwa naye tumemzika, kwa hiyo hata nikisema, aliyemfukuza hayupo wa kumrudisha.

Mwili nao umenishinda. Nalala na taulo lililokunjwa chini ya shingo. Asubuhi na jioni narudisha kidevu nyuma mara kumi nikiwa nimeegemea ukuta, mke wangu ananikanda kwa kitambaa cha moto, tembe nakunywa. Siku zingine maumivu yanapungua kidogo. Lakini nguvu za mkono hazikurudi, daktari alisema nilichelewa sana. Mwiko wa plasta siushiki tena, na ugali namegea kushoto kama mtoto asiyefundishwa.

Barua hii ananiandikia binti yangu, maana kalamu hainikai vidoleni. Alimpenda sana baba yake mdogo, na miaka yote hii ameamini kwamba nyanya alimkataa. Tulipofika pale pa kaburini aliacha kuandika, akaniangalia usoni, kisha akauangalia mkono. Aliendelea, lakini sasa ameiweka kalamu mezani na kutoka nje, na sijamwita.

Haya machache nimeyaandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, mnisamehe mwandiko. Wewe unayeficha ugonjwa wako, sema mapema, kabla mwingine hajabebeshwa.