Jogoo wa Pole

Majira yale ya baridi papa, baba yangu, alipozikwa, amri ilikuwa imeshatoka: kila mwenye kuku awafungie ndani. Homa ya ndege ilikuwa inazunguka, bata bukini wa porini walikuwa wanaokotwa wamekufa kandokando ya mifereji. Sisi tulikuwa na kuku watano uani, huku ughaibuni, mtaa wa Schaerbeek, nyuma ya nyumba. Banda lao papa alilijenga kwa mbao za kuokota na mlango wa kabati la zamani. Aliwaita wabunge, kwa sababu kelele nyingi, mayai machache.

Maman aliishika amri ile kuliko hata alivyoshika matanga. Alinituma ninunue wavu wa matundu madogo, tukafunika banda lote, maana kasuku wa kijani wa mji huu hawana adabu, wanatua popote na kunya popote. Chakula ndani. Maji ya bomba, si ya mvua. Akatenga viatu vya plastiki vya kuingilia bandani tu, na ole wako uingie na vya barabarani. Mimi nililea wazee wa watu mchana kutwa katika nyumba ya wazee, nikarudi na tramu, nikakuta nimewekewa viatu mlangoni. Sikubisha. Tangu mazishi nilikuwa na ganzi mwili mzima, ungenichoma sindano ningekuambia asante. Kulia sikulia. Watu walinisifu kwamba nina moyo.

Kwa maman, wabunge wale ndio waliobaki wa kuongea nao. Asubuhi nilimsikia kupitia dirisha la jikoni akiwaeleza habari za papa, kwa sauti ya kawaida, kama anaongea na majirani. Wakipotea hawa, nilijua, atanyamaza kabisa.

Bon. Jumamosi moja akaja tonton, mzee niliyemhesabu kama ami. Huyu ni rafiki wa papa tangu Kivu, walikimbia vita pamoja, na siku ya mazishi alikuwa hospitali. Kwa hiyo alikuja kutoa pole kwa namna ya kwetu: jogoo mzima mzima, mwekundu, kamfunga miguu, kamtia kwenye mfuko wa supamaketi kichwa kikiwa nje. Alimnunua njiani kwa mkulima asiyemjua, huko nje ya mji.

Sasa kwetu, kuku wa pole hakataliwi. Unampokea kwa mikono miwili, na humchinji mbele ya aliyemleta, ataona unamfukuza. Maman akampokea kwa mikono miwili. Akashukuru. Halafu akampeleka bafuni, akamfungia humo na bakuli la maji, akanawa mikono hadi kwenye viwiko.

"Shemeji," tonton akauliza, "ule jogoo iko wapi?"

"Iko mu douche. Kuko magonjwa, shemeji. Serikali imekataza kuchanganya."

Tonton akacheka, lakini si kicheko cha furaha. Maman akarudi kwenye sufuria ya sombe, kisamvu chetu, mimi nikawa nakata vitunguu. Tukasikia mlango wa nyuma. Loo! Tulipotoka, mzee alikuwa anatoka bandani na viatu vyake vya barabarani, anajifuta mikono, uso umemng'aa.

"Mugeni wa heshima analalaka mu choo? Nimemupeleka kwa wenzake. Mwenyewe angefurahi." Mwenyewe, yaani papa.

Ningepiga kelele kama ningekuwa na kelele. Maman alisema tu, "Asante, shemeji. Tuje tukule." Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini huyu kamba ilikuwa imeshafunguliwa, na yeye na wabunge walikuwa wanakunywa kwenye bakuli moja. Tonton alipoondoka nikamwambia maman tumtoe. Akasema, "Kumutoa sasa itasaidia nini?"

Baada ya siku chache mtetea mweusi akajikunyata pembeni, kilemba kimegeuka buluu. Asubuhi alikuwa amekufa. Akafuata jogoo. Maman mwenyewe ndiye aliyeniambia nimpigie daktari wa mifugo, maana mtaani kuna familia ya Waturuki wana kuku pia. Wakaja watu wenye nguo nyeupe hadi kichwani. Maman akawaeleza yote, hata barabara alikonunuliwa jogoo. Nikamuuliza mmoja wao: ni jogoo ndiye aliyeleta? Akasema huenda, na huenda ni kinyesi cha ndege wa porini kilichopita kwenye wavu, yeye hawezi kuapa. Waliobaki wakauawa palepale uani, wakatiwa kwenye mifuko, banda likanyunyiziwa dawa. Nilitazama yote nimekunja mikono. Nikaenda kazini.

Na kweli maman akanyamaza. Alipika, alikula kidogo, alilala. Dirisha la jikoni likawa halina habari.

Jumapili simu ikalia. Mikono ya maman ilikuwa na unga, nikamwekea simu mezani, spika imewashwa. Tonton.

"Shemeji, banasema kanisani kuku zote zilikufa." Akavuta pumzi. "Ni ule wangu?"

Nikamtazama maman. Niseme kweli, nilitaka amwambie. Nilitaka mtu mmoja duniani abebe kitu.

"Hapana, shemeji," akasema. "Ni ndege wa pori. Wako tulimutoa kesho yake, tukamukula."

"Kweli?"

"Kweli. Alikuwa mutamu."

Mzee hakuridhika. Anazijua nyumba zetu. Firigisi ni ya baba mwenye nyumba, mwanamke haionji. Kwetu hata papa akichelewa kazini, ilimsubiri kwenye kisahani chake, imefunikwa.

"Na firigisi?" akauliza polepole. "Nani alikula firigisi?"

Maman akaangalia mikono yake yenye unga. Katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kuitia mdomoni.

"Mimi," akasema. "Sasa ni mimi mwenye nyumba."

Upande wa pili mzee akaanza kulia. Nami nikakaa chini, pale pale sakafuni jikoni, kwa sababu papa alikuwa amekufa.